Dokta Asiyezika

Scolastika Mageni alisoma mpaka pale ambapo hakuna tena darasa la mbele. Shahada ya uzamivu aliipata Morogoro akiwa na miaka thelathini na tisa, na utafiti wake ulihusu ngitili zetu, yaani yale malisho tunayoyafunga masika yote asiingie ng'ombe hata mmoja, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate pa kulishia. Alipima majani, akahesabu miti, akaandika kitabu kinene. Mimi natunza ghala la pamba la chama cha msingi hapa kijijini, nyuma ya Mwadui, na kitabu hicho nimekishika kwa mikono yangu. Sikukielewa, lakini ni kizito.

Sasa watu wanadhani ukishakuwa dokta kazi inakusubiri mlangoni. Thubutu. Aliomba uhadhiri katika chuo kimoja, akajibiwa kwamba GPA ya shahada yake ya kwanza iko chini ya kiwango chao. Ya kwanza, jamani, ya miaka kumi na sita iliyopita. Akiwa mwaka wa pili alijifungua binti yake Nelly wiki ile ile ya mitihani, akafanya karatasi mbili huku maziwa yakimchuruzika, maksi zikaporomoka. Tangu hapo amepata shahada ya pili na ya tatu kwa sifa nzuri, lakini wao walitazama ile ya kwanza tu. Ni kama fundi anayekataa msingi wakati nyumba imeshaezekwa na watu wanalala ndani. Ningekuwa yeye ningetukana. Yeye alisema asante, akarudi.

Akajaribu migodini, upande wa Geita. Kampuni moja ikamwita kwenye usaili wa afisa mazingira. Waliokuwa mezani wakamtazama, wakasema, "Dokta, nafasi hii ni ndogo kwako. Utakaa miezi mitatu utuache." Safari iliyofuata akaufuta udokta kwenye maelezo yake. Akaulizwa, hii miaka minne ulikuwa wapi? Akasema alikuwa nyumbani analea mtoto. Nelly wakati huo yuko kidato cha tatu. Hawakumpigia tena.

Huko Masumbwe alimpata mwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, aliyemtaka kwa mshahara wa maana. Kumbe kazi yenyewe ni kutia sahihi ripoti ya mazingira bila kwenda kuona maji machafu yanamwagwa wapi. Alikaa wiki mbili akaondoka. Hapo namsifu, na mimi sina tabia ya kusifu watu ovyo.

Ndipo akapanga chumba Ibadakuli. Kutoka kwetu si mbali, mtu anakwenda asubuhi na mchana amerudi. Mle chumbani alikuwa anawasaidia wanafunzi wa shahada ya pili kuchambua takwimu zao. Wanamtumia kwa kompyuta, anawarudishia. Kazi ya kuokoteza, leo ipo kesho haipo. Lakini huku kijijini mama yake aliambiwa kwamba Scola yuko kwenye mradi mkubwa, anasafiri sana. Ukimpigia simu anakuambia, "Niko huku karibu na uwanja wa ndege," na ni kweli, uwanja uko huko huko Ibadakuli, naye yuko uani anaanika nguo.

Uwongo wa namna hiyo unalipiwa, na kwetu unalipiwa kwenye misiba. Msiba hauna kadi ya mwaliko. Ukisikia, umekwenda. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanabeba maji na kuni, na watu wakishaketi wanaanza kuulizana habari: siku hizi uko wapi, unafanya kazi gani? Scolastika alikuwa anaogopa swali hilo kuliko maiti. Miaka miwili hakutokea msibani hata mara moja. Alituma rambirambi kwa simu, na watu walipokea, maana nani anakataa rambirambi. Ila vijana walishampa jina: Dokta Asiyezika. Jina lilimfikia. Akazidi kujificha.

Haya. Mwaka huu likaja shirika linalotaka kufufua ngitili katika vijiji vyetu, likatafuta mratibu. Mkataba wa miaka mitatu, pikipiki, bima ya afya. Scolastika akaomba, akawa wa kwanza kwenye usaili. Nani angemshinda? Waliomsaili walikuwa na kitabu chake mezani. Kwa mara ya kwanza tangu ahitimu, kazi ilimtaka yeye kwa kile alichokisomea, tena nyumbani kwao. Kulikuwa na sharti moja tu: mratibu lazima akubaliwe na dagashida, ule mkutano wetu wa jadi unaoamua mambo ya ngitili, nani kafungulia ng'ombe kabla ya wakati na atozwe nini. Shirika halikuwa jinga. Mtu asiyekubaliwa na dagashida ataongea na majani.

Shirika lilitaka jibu ifikapo Ijumaa. Dagashida ikakaa Jumatano, ghalani kwangu, kwa sababu mvua ilikuwa inatishia.

Alikuja amevaa kitenge kipya. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akasimama, akaongea. Na aliongea vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Hakuleta Kiingereza. Alitaja ngitili ya ukoo gani ilikatwa mwaka gani, wapi majani yalirudi na wapi hayakurudi na kwa nini. Wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Nikajua amepita.

Akasimama Mama Makoye. Huyu ni mjane, jirani wa mama yake Scolastika, ukuta kwa ukuta.

"Mayu, maneno yako ni mazuri," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi nina moja tu. Baba Makoye alipofariki, mwaka juzi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa safarini, mama. Kikazi. Pole sana, nilituma rambirambi."

"Niliipata, wabeja, asante. Safari ya wapi?"

"Nairobi."

Mama Makoye akajifunga upya kanga yake, polepole. Nadhani alikuwa anampa nafasi. Scolastika hakuitumia.

"Siku ile nilimtuma Makoye Ibadakuli kumwambia dada yangu habari za msiba," akasema. "Alikukuta gengeni unanunua mkaa. Mlisalimiana. Akakuambia baba amefariki, ukamwambia utakuja."

Ningeweza kusema Scolastika alionewa, lakini sikuona aliyemwonea. Mwenyekiti wetu, Mzee Ndaki, ni mtu mpole, hakumkaripia. Alisema tu, "Hatujakukataa, binti yangu. Tukutane tena baada ya mavuno. Kwanza uje, uje tukuone."

"Mzee, mwisho ni Ijumaa."

"Ijumaa ni ya shirika," alisema Ndaki, na mkutano ukaisha.

Watu walipotoka alibaki amekaa juu ya roba, lile gunia kubwa la pamba, analia, kitenge kipya kimejaa nyuzi nyeupe. Nilimhurumia, na nilikuwa nimekasirika pia, vyote kwa pamoja. Nikamwambia, "Wewe ni mwongo, Scola, tena mwongo usiyejua kudanganya."

"Ningesema nini, mjomba?" akauliza. "Kwamba nimesoma maisha yangu yote halafu nanunua mkaa wa kopo? Mbele ya wale watu?"

Nikamwambia nataka kufunga ghala, maana kweli nilitaka kufunga.

Ijumaa shirika likamchukua George, kijana mwenye shahada moja, mama yake ameolewa kijiji cha pili. Wazee walimkubali siku hiyo hiyo; GPA yake siijui na hapa hakuna aliyeuliza. Misiba yetu yote amechimba kaburi. Anafanya kazi vizuri tu, na akikwama anafungua kitabu cha Scolastika. Hilo lilimuuma Scolastika, mama yake aliniambia, mpaka akawa hali chakula.

Mavuno hayajafika, mke wa Mzee Ndaki, Mama Eufrasia, akafariki. Aliugua kifua siku chache tu. Mimi sikutegemea kumwona Scolastika, na sidhani kama kuna aliyemtegemea. Kazi ilishakwenda, angekuja kutafuta nini? Asubuhi nikiwa napeleka sururu makaburini nikamwona anashuka kwenye bodaboda na mfuko wa unga, kajifunga kanga mbili kuukuu kama wenzake. Akautua unga, akawaamkia wanawake waliokuwa jikoni. Mama Makoye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jiko.

"Mwangaluka, mayu," Mama Makoye akaitikia, bila kuacha kusukuma kuni. "Habari za siku nyingi? Siku hizi uko wapi?"

Wale wanawake wengine wakageuka kumtazama. Nikajikuta nami nimesimama na sururu yangu begani, umbea huo.

"Niko Ibadakuli," alisema Scolastika. "Sina kazi, mama. Tangu nimalize kusoma, sijapata kazi."

Mama Makoye akasukuma kuni ya mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hilo tunalijua tangu mwaka juzi," alisema. "Shika ndoo, pipa halina maji."