Mkono Uliopakwa Mafuta

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Bertrams, Johannesburg, hata mwenye spaza, kile kiduka cha kona yetu, kabla hajanipa mkate huniuliza kwanza kama mikono yangu ni safi, na foleni nzima hugeuka kuniangalia. Aibu ile ilinipata mchana kweupe, mbele ya kwaya iliyovaa sare na mbele ya mama yangu mzazi aliyeshona kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo, nikafukuzwa uwanjani kabla sijarusha hata mpira mmoja. Wenzangu huaibika kwa kushindwa. Mimi hata nafasi ya kushindwa sikuipata, na mpaka leo nikikumbuka nacheka kidogo halafu nageuza mazungumzo.

Ninyi mnaojua mpira wa miguu peke yake mnifuate taratibu. Mimi nilikuwa mrushaji wa besiboli, tena wa kulipwa, ila si yule mrushaji anayeanza mchezo na kupigiwa makofi, bali yule wa akiba, anayekaa bandani pembeni ya uwanja akitafuna mbegu za alizeti mpaka mwenzake achoke au aboronge, ndipo simu ya bandani inalia, naye anainuka, anapasha bega na kukimbia kwenda kuzima moto ambao hakuuwasha yeye. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka yote niliyokaa Marekani, kwenye ligi za chini, kwenye vijiji vya mahindi ambavyo Wamarekani wenyewe hawavijui, nikilala kwenye mabasi, na siku nyingine simu haikulia kabisa, tukavua viatu tukarudi kulala mkono ukiwa mzima na roho imechoka. (Mama alikuwa akinipigia na kuuliza, "Leo umecheza, baba?" nami nikamjibu, "Nilikuwa tayari, Mama." Sikumdanganya, nilikuwa tayari kila siku.)

Mkono wenyewe niliurithi kwake. Baba yangu alikuwa mpigania uhuru wa hapa, akakimbilia Tanzania, akamkuta mama Morogoro wakaoana, na mambo yalipotulia akarudi naye Johannesburg, akafariki mimi nikiwa mdogo sana. Mama utotoni alikuwa bingwa wa rede, ule mchezo wa mpira wa matambara ambapo wawili husimama huku na huku wakimlenga aliye katikati. Kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yetu alikuwa ananiweka katikati na kunilenga bila huruma, ukikwepea kushoto unakuta mpira umeshatangulia. Ndiye aliyenifundisha kuuficha mpira nyuma ya mwili hadi dakika ya mwisho. Makocha wa Marekani waliniuliza ujanja ule nimejifunzia wapi, nikasema kwa mama, wakacheka wakidhani natania.

Lakini mama mwenyewe hakuwahi kuniona nikirusha kwenye uwanja wa kweli. Leo viza, kesho nauli, keshokutwa kazi, mpaka timu ya huko ikasema hainihitaji tena, nikarudi nyumbani na kukuta macho yake yanafifia. Presha ya macho. Daktari alisema waziwazi kwamba nuru ikishaliwa na ugonjwa ule hairudi. Mama hakulia. Alikunja kitambaa chake cha mkononi akasema, "Basi nikuone mara moja tu, baba, hata ukirusha mpira mmoja. Mengine nitamwachia Mungu."

Nafasi ikaja. Timu moja ya kulipwa kutoka ng'ambo ilikuwa ziarani, ikapangiwa mechi na kikosi cha Johannesburg, nami nikaitwa, wa akiba kama kawaida. Mama akatangaza kanisani. Kanisa letu liko Doornfontein, kwenye ukumbi uliokuwa karakana zamani, wengi ni Wakongo na sisi Watanzania ni wa kuhesabika, na Pasta Kalala (mtu wa Lubumbashi, fundi cherehani siku za kazi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti) akaamua kanisa zima lihudhurie. Nilimwonya mama mapema kwamba huenda nisiingie, na nikiingia itakuwa mwishoni kabisa.

"Tutakaa," akanijibu.

Na walikaa kweli, kwenye jua lile la kiangazi, akina mama wa kwaya wakiimba kila mtu aliposhika mpira, hata wa timu ngeni, kwa sababu hawakujua nani ni wa nani. Wenzangu bandani walikuwa wanakufa kwa kicheko, nami nikacheka nao, nikijifanya siwajui wale watu.

Sasa sikilizeni jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa dogo. Kati ya banda letu na mashabiki palikuwa na uzio mfupi wa waya tu, na mchezo ulipofika mbali nikamwona mama amesimama pale akishikwa mkono na Pasta, anauliza, "Themba yuko wapi?" wakati mimi nilikuwa mbele yake kabisa. Kicheko kikaniisha. Nikasogea nikamwambia, "Niko hapa, Mama."

"Lete mkono."

Nikaupitisha juu ya uzio. Akatoa kwenye pochi kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyoombewa kanisani, akamimina, akaanza kunipaka, kiganja kwanza, halafu kidole kimoja kimoja, polepole, midomo ikicheza kwa sala. Sasa, kila mrushaji duniani anajua kwamba mkononi hatakiwi kuwa na kitu, si mafuta, si gundi, si mate, kwa sababu mpira uliopakwa kitu hupinda njia hewani na hiyo inahesabika ni wizi, na wa akiba akiingia tu, refa anamkagua mikono mbele ya watu wote. Nililijua hilo kuliko jina langu. Ningevuta mkono na kusema neno moja tu yangekwisha. Lakini mama alikuwa amefumba macho yale yanayokufa, ananiombea, nikanyamaza. Nikajisemea, nitakwenda kunawa.

Simu ikalia pale pale.

Bomba la maji lilikuwa upande wa pili, kule vyumba vya kubadilishia nguo, na kocha anataka mtu sasa hivi. Nikajifuta kwenye suruali (suruali nyeupe, jamani, nyeupe pepe), likabaki doa la manjano pajani. Nikarusha mpira wa kupashia, ukaniteleza, ukaruka uzio na kutua kwenye sufuria ya pilau ya watu. Hapo ndipo nikafanya la pili, nikachukua ule unga wa utomvu wa msonobari tunaoruhusiwa kukaushia jasho, nikajipaka kwa wingi, nikidhani utayanyonya mafuta. Wapi! Vilichanganyika vikawa gundi, vidole vikaanza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, na mimi tayari nakimbia kuelekea katikati ya uwanja, kwaya imeamka, ngoma zinalia, na juu ya yote nasikia sauti ya mama, "Ndiye huyo? Ndiye huyo?"

Refa akaja. Akanishika kiganja. Alipotaka kukiachia hakikuachia, tukabaki tumeshikana mikono mbele ya uwanja mzima kama wachumba.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Ni sala," nikasema. (Ndilo jibu lililonijia. Msinicheke.)

"Sala hainati hivi."

Kocha akafika mbio akininong'oneza, "Eish, Themba, sema ni jasho, sema ni jasho tu!" na labda tungeponea hapo, maana refa alianza kusitasita, ila Pasta Kalala kutoka kule kwenye viti aliona mtoto wa kanisa anaonewa. Akafungua geti, akaingia uwanjani na viatu vyake vya ibada, kichupa amekiinua juu ili kila mtu akione.

"Papa refa! Hii haiko dawa mubaya! Iko mafuta ya maombi, mama yake alimupakaa mkono muzima, na mimi nilikuwa pale, niliona na macho yangu!"

Refa akakipokea kichupa. Akakinusa. Akanusa kiganja changu. Kisha akamshukuru Pasta kwa adabu kabisa, akageuka kwangu, na mkono wake ukapaa juu kuelekea geti la kutokea. Kwaya nzima ikadhani hiyo ndiyo ishara ya ushindi. Vigelegele vikaanza, vitambaa vikapeperushwa, na mimi natembea kichwa chini na doa langu pajani, natoka, huku watu wa kanisa langu wananishangilia na wengine wote wananirekodi kwa simu.

Nilipopita karibu na uzio nilimsikia mama akimuuliza jirani yake, "Ameshaurusha mpira?" Yule mama alinitazama, akatazama chini.

Hakuna timu iliyonipigia simu tena. Nilidhani hilo ndilo litakaloniuma zaidi, lakini baridi ilipoingia macho ya mama yakazima yote mawili, na hapo nikajua lililoniuma ni lipi. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba refa alinitoa kwa sababu ya bega bovu, na Pasta nikamsihi asifungue mdomo. Mama alisema, "Pole, baba," na hakuuliza tena. Kichupa alichorudishiwa na Pasta kikatoweka dirishani pake, nami sikutaka kujua kimekwenda wapi.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, kwenye ule uchochoro wetu, tunaota jua. Akanyoosha mkono wake hewani.

"Lete mkono."

Nikampa. Akakipapasa kiganja changu, akapitisha gumba kwenye kila kidole, taratibu, akakagua mpaka chini ya kucha, kisha akakigeuza upande wa pili.

"Mkavu," akasema. "Leo hata refa asingekupata na kosa."

Alikuwa anajua, na sijui amejua tangu lini. Machozi yakanitoka, nikashukuru kwamba hanioni, na hapo hapo nikajiona mshenzi kwa kushukuru jambo hilo.

"Ungeniambia tu, baba," akasema, bado kanishika. "Kwani kichwa hukuwa nacho? Ningekupaka kichwani."

Basi ndugu zangu, mimi nimeapa. Mtu anipendaye akinipa kitu mahali pasipofaa, nitamwambia hapo hapo, hata kama amefumba macho anasali. Nilimhurumia mama kwa muda wa sala moja, na sala ile ndiyo iliyomnyima kuniona. Mpira wangu wa besiboli nimeuweka pale kwenye kizingiti cha mlango, na siku nyingine akitaka naubamiza ukutani ili asikie mlio wake.