Jumamosi za Kuanika Mikono

Nakumbuka Jumamosi moja ya kipupwe, hapa hapa Iringa, mtaa wa Mlandege, mimi na dada yangu Matilda tumekaa kwenye ngazi ya nyuma ya duka, tumeanika mikono juani. Ndiyo, mwanangu, mikono, kama watu wanavyoanika dagaa. Usicheke. Asubuhi hii umeniletea kikopo cha binzari, ile ya manjano, ukaniambia umesoma kwenye simu kwamba inatibu kila kitu, na sasa unataka bibi yako aanze kuinywa na maziwa. Asante, mama. Iweke hapo mezani. Ila kabla hatujaifungua, kaa nikwambie kisa changu na binzari.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Mimi na Dada Matilda tulikuwa tumeletwa mjini kwa shangazi, tukapata kibarua cha kutwanga viungo kwenye duka la Mhindi mmoja. Binzari ilikuja kwa lori kutoka pwani, mizizi mikavu, migumu kama kokoto. Unaitwanga mpaka mabega yanawaka moto, kisha unaichekecha, na vumbi lake linaingia puani, kwenye nywele, kwenye pindo la gauni. Viganja vyetu vilikuwa vya njano wiki nzima, na wasichana wa mtaani wakatubandika jina la vifaranga. Dada alikuwa hajali. Mimi nilikuwa nawafukuza na mchi.

Mwenye duka alikuwa na mama yake, mzee mwembamba aitwaye Jamnabai, ambaye sisi tulimwita Bibi tu. Baba yake Bibi huko Bara Hindi alikuwa mganga wa ile elimu yao ya kale wanayoiita Ayurveda, ya kumtunza mtu kwa chakula, viungo na majani. Bibi alikuwa anakaa juu ya gunia akitusimamia, na mdomo haukupumzika. Tukikohoa kwa vumbi na baridi, alituchemshia maziwa, akatia binzari kidogo tu, ya ncha ya kijiko, na pilipili manga na kipande cha sukari guru. Nikijikata, aliniosha kidonda, akanipaka binzari na samli. Koo likiwasha, tulisukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi na binzari. Lakini kila mara alianza kwa kukutazama: ulimi, macho, ngozi, umelalaje, umeendaje chooni. Hayo ya kutazama mimi niliyaona ni udaku wa wazee. Nilichokishika mimi ni kijiko.

Hata hilo la kuanika mikono alitufundisha yeye. Rangi ya binzari huliwa na jua. Doa lililoishinda sabuni, ukilianika linafifia lenyewe. Basi tulikuwa tukimaliza kutwanga Ijumaa, Jumamosi tunasugua kwa sabuni na majivu, tunakaa pale ngazini tumegeuza viganja juu, tunapiga soga mpaka jua linapungua. Jumapili tunaingia kanisani na mikono ya binadamu.

Mwaka ule Dada Matilda alichumbiwa na seremala wa Mafinga, kijana mtaratibu aliyekuwa akija kwetu anakaa ukingoni mwa kiti kama anaogopa kukivunja. Bibi naye alikuwa amesafiri kwenda Mbeya, kwa mjukuu wake aliyejifungua. Hapo ndipo Dada alipoanza kuchoka. Chakula hakitaki, usiku anajikuna, akipanda kile kilima cha kwetu anasimama njiani kama mzee. Shangazi akasema ni mawazo ya harusi. Mimi nikajifanya daktari. Nikamchemshia maziwa ya binzari asubuhi na jioni, na alipozidi kunyong'onyea, nikazidisha. Mwisho nikawa nachota konzi nzima kutoka kwenye chekeche. Alikunywa yote, maskini, kwa sababu hakutaka kuniudhi.

Sasa Jumamosi hiyo ninayokwambia, kesho yake ndoa yake ilikuwa inatangazwa kanisani kwa mara ya kwanza. Alitaka mikono safi kuliko siku zote. Tukasugua, tukaanika. Kufika mchana viganja vyangu vimerudia rangi yake, vyake bado. Akarudi kwenye beseni akasugua tena mpaka ngozi ikachubuka, akaja akakaa, akavigeuza juu. Bado. Nikacheka, nikamwambia binzari imemjaa tumboni mpaka inatokea nje, na huko Mafinga watapelekewa bibi harusi aliyekwisha kuungwa. Naye akacheka kidogo. Kisha akavuta kitambaa cha kichwani mpaka kwenye nyusi, akasema jua linamuumiza macho. Mwanangu, alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi. Sikugeuza shingo nikayatazama hayo macho.

Jumapili jina lake likasomwa. Alisimama na kitabu cha nyimbo, amekifumbata viganja visionekane, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaisahau.

Siku chache baadaye Bibi akarudi kutoka Mbeya. Dada aliinuka kwenye kinu kwenda kumwamkia, na Bibi hakuitikia. Alimshika kidevu, akakisukuma kile kitambaa nyuma, akalivuta jicho kwa kidole gumba. Akauliza amekuwa akila nini. Nikajibu mimi, tena kwa kujigamba, nikamweleza maziwa yangu na konzi zangu. Bibi akaliachia jicho la Dada, akanigeukia.

"Binzari nashika mkono, nashika nguo," akasema. "Jicho hapana shika. Wewe lala naye nyumba moja, kula naye sahani moja. Hapana ona?"

Akaniambia baba yake alimfundisha kwamba mwili ukishachafuka nyongo namna ile, binzari huondolewa, haiongezwi, kwa kuwa ni kitu cha moto na mwili wenyewe tayari unaungua. Akasema pia kwamba lile halikuwa jambo la jikoni tena, ni la hospitali, na akamwita mwanawe alete gari. Nilimpandisha Dada garini mimi mwenyewe. Nilipomshika mkono ulikuwa mwepesi, na sikuwa nimeona ulivyokonda.

Hakurudi. Daktari alimwambia shangazi kwamba ini lilikuwa limeharibika kitambo. Kama yale maziwa yangu yalizidisha, au hayakufanya lolote, hakuna aliyeweza kunijibu, na nimeshaacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba siku zilipita za kumpeleka, na siku hizo mimi nilizitumia kukoroga. Seremala wa Mafinga alikuja na ubao aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kitanda chao, akamtengenezea sanduku.

Bibi alikuja msibani akakaa mkekani katikati ya mama zetu. Hakunigombeza tena. Angenikemea, nadhani ningeona nafuu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kukaa kwenye ile ngazi peke yangu. Nilisugua, nikaanika. Mchana haujafika, mikono ilikuwa imetakata kabisa, na hapo ndipo nilipolia kweli.

Kwa hiyo sikukatazi binzari yako, mwanangu. Tutaitia kwenye mchuzi, na kikohozi kikinibana nitainywa, ya ncha ya kijiko. Ni kitu chema. Ila usimtibu mtu ambaye hujamtazama. Yule unayelala naye nyumba moja ndiye rahisi kuliko wote kutomwona, maana umemzoea. Mvue kitambaa. Mpeleke dirishani penye mwanga. Muulize amelalaje, usikilize mpaka amalize. Ukiona njano machoni, tua kijiko, mshike mkono mwende hospitali siku hiyo hiyo, na akikuambia ni jua tu, usimsikilize.

Mungu akukuze, mama, akupe mikono yenye huruma na macho yasiyopitwa na wa nyumbani kwako. Uolewe salama, uzae salama, na uliowapenda uzeeke nao. Haya, acha hicho kikopo kwanza. Sogeza kiti hapa dirishani, unitazame macho.