Nilipomjibu Daktari "Yes"

Pumba za mpunga zikichomwa hazitoi mwali. Hufuka tu, na moshi wake una harufu tamu kidogo, kama chakula kilichoungulia chini ya sufuria. Nyuma ya darasa letu la sita kule Madibira palikuwa na kilima cha pumba kutoka mashine ya kukoboa, na msimu wa mavuno kilifuka mchana kutwa. Katika moshi huo Mwalimu Anyosisye, Mnyakyusa mrefu aliyevaa koti hata kwenye joto, alitufundisha vijiswali ambavyo Waingereza huvibandika mkiani mwa sentensi. Alisema vinaitwa question tags. Sentensi ikikubali, mkia unakataa: "She is tall, isn't she?" Sentensi ikikataa, mkia unakubali: "She isn't tall, is she?" Mimi nilishangaa kwamba mkia ulibadilika kila mara. Kwa Kiswahili tulikuwa na "si ndiyo?" moja tu, nayo ilitutosha kwa mvua, kwa ng'ombe na kwa watu. Nyumbani tulisema Kisukuma, maana wazazi wangu walihamia bonde hilo la Usangu na mifugo yao kutoka Shinyanga, na katika Kisukuma pia sikukumbuka usumbufu wa namna hiyo. Nikamuuliza mwalimu kwa nini Waingereza wanajitesa. "Kabula," akasema, "kwanza jua vipi, kwa nini utaijua ukubwani." Nilikwenda kufukuza ndege shambani huku natunga mikia peke yangu: ndege wameshiba, haven't they? Jua halijazama, has it?

Msimu huohuo zikaja habari kwamba madaktari wageni wako kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Mafinga, nao wanapasua watoto walioungua. Nilikuwa nimemwagikiwa uji wa moto nikiwa mdogo, na vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vimeshikamana na kukunjika kuelekea kiganjani. Mama akanipakia kwenye lori la mpunga tukapanda nyanda za baridi, mahali ambapo watu wanasalimiana "kamwene" huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Tuliambiwa nisile wala kunywa chochote tangu usiku. Asubuhi nikakaa kwenye benchi la korido, njaa inaniuma, mama kanifunika kwa khanga yake. Ilikuwa siku ya mwisho ya wale madaktari. Kesho yake wangeondoka.

Daktari aliyekuja kwetu alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Aliinama, akaushika mkono wangu taratibu, akasema: "You haven't eaten anything, have you?" Nusura niruke. Sentensi inakataa, mkia unakubali! Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu hicho kikitoka kwenye kinywa cha mtu tofauti na Mwalimu Anyosisye, tena kimekaa sawasawa. Nikajibu kwa sauti, nikijivuna: "Yes!" Uso wake ukabadilika. Akaandika kitu kwenye karatasi, akamwambia nesi maneno mengi ambayo sikuyashika, akapita kwa mtoto mwingine.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Mama Kabula, mtoto amekula," nesi akasema. "Hatuwezi kumpa dawa ya usingizi. Akitapika atapaliwa, afe mikononi mwetu."

Mama alinigeukia kwa hasira iliyochanganyika na machozi. "Umekula nini? Nani kakupa?"

"Sijala, mama."

Mama hakubishana na mimi. Alinishika mkono, akamfuata nesi hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. "Huyu hajala," akasema. "Nimelala naye, nimeamka naye. Muulize tena."

Nesi akachuchumaa. "Mwanangu, mbona umemwambia daktari umekula?"

"Sijamwambia nimekula. Ameuliza kama sijala, nikamwambia ndiyo."

Nesi akajifunika mdomo kwa kiganja, akaingia ndani mbio. Daktari alitoka na glovu mkononi. Wakaongea muda mrefu, nesi akieleza kwa mikono, daktari akiitikia kwa kichwa na kuuliza tena. Kisha akanitazama, akatamka kwa shida: "Ndiyo, sijala." Akacheka. Lakini nafasi yangu ilikuwa imeshakwenda kwa mtoto mwingine. Tukaambiwa tusubiri, muda ukibaki nitaingia. Mama alisubiri amesimama, akakataa hata kiti. Jua lilipokwisha vuka paa la hospitali, wakaniita.

Vidole viwili vikafunguka. Kidogo kabisa kimebaki na kona mpaka leo.

Nilirudi darasani na bandeji, nikasimulia. Mwalimu Anyosisye aliiweka chaki yake mezani. "Kumbe niliwafundisha kuuliza," akasema, "sikuwafundisha kujibu." Tukatumia kipindi kizima kujaribu. Tuligundua kwamba sisi tunalijibu neno la mwenzetu: ukisema sijala, nami nakubaliana nawe, ndiyo. Mwingereza yeye anaangalia tumbo: hakuna kitu, basi no.

Sasa nafundisha Kiingereza Mbeya. Sisi tulikuwa na mdomo mmoja tu wa kutuletea lugha hiyo, tena katika moshi. Binti yangu Neema anaisikia kwenye simu tangu akinyonya, na shuleni kwake hawasemi nyingine. Wiki iliyopita mama yangu alipiga simu kutoka Madibira, akaipokea Neema na kuiweka kwenye spika. Nilikuwa naingia mlangoni na mboga nikawasikia.

"Mama yako hayupo?"

"Hapana, bibi."

"Haya, mpe simu."

"Hayupo, bibi!"

"Si umeniambia yupo? Mbona unanidanganya, mjukuu wangu?"

Neema alikuwa karibu kulia. Nikaichukua simu, nikamweleza mama jinsi mtoto alivyojibu Kiswahili kwa taratibu za Kiingereza. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo hakunidanganya?"

"Ndiyo, mama."

Neema akanivuta nguo, macho yamemtoka. "Mama! Sasa nimemdanganya au sijamdanganya?"