Mkono wa Kimeng'enya na Sweta la Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara aliniwekea mezani vikombe viwili: kimoja cha uji wa muhogo, kingine cha unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji baridi. Nikadhani nakaribishwa chai.

"Vyote ni wanga," akasema. "Ungekuwa bakteria, ungekula kipi?"

"Uji, Mzee."

"Uji anakula hata asiye na meno. Mimi namtafuta wa kula unga mbichi."

Nilikuwa fundi sanifu mpya, mzaliwa wa hapa hapa Songea. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, na baridi yetu hakuizoea mpaka anastaafu. Mwaka mzima alivaa sweta la kijani chini ya koti jeupe. Tulimcheka, lakini kufundisha alijua.

Bakteria hana mdomo. Hutoa nje kimeng'enya, yaani protini inayokata wanga mpaka uwe sukari. Wanga uliopikwa umelegea, kwa hiyo kimeng'enya chochote cha aina hiyo kinaukata. Ule mbichi umekaa kwenye punje ngumu, na vingi hugonga tu vikapita zao. Vichache vina kipande cha ziada, kilichojikunja pembeni na kushikizwa kwa uzi mwembamba wa protini. Kazi yake si kukata, ni kung'ang'ania punje wakati mwenzake anakata. Sisi tulikiita mkono. Ukipata kimeng'enya chenye mkono, unatoa sukari kwenye muhogo bila kuwasha jiko.

Bakteria wetu wa namna hiyo tulimpata Namtumbo, kwenye tope la shimo ambamo akina mama waliloweka muhogo. Baadaye nilihamishiwa Tunduru kupima maji. Niliporudishwa nilimkuta Mkuu bado yuko na bakteria yule yule, na sweta lile lile.

Mwaka wake wa mwisho, wakubwa walitoa sharti. Kabla hajaondoka, kimeng'enya kiwe kimekula unga mbichi mbele ya Mkuu mpya. Kikishindwa, kazi inafungwa na bakteria anateketezwa. Mzee alianza kusahau kula mchana.

Mwezi wa sita umeme ukawa wa kukatika katika, na friji ikawa haiaminiki. Mkuu akaamuru chupa za kimeng'enya zipangwe dirishani, upande usiopigwa na jua. "Songea nzima ni friji," alisema. Kwa mwezi wa sita alikuwa sahihi kabisa.

Mwezi wa kumi ukaingia. Mimi natoka jasho, chupa bado ziko dirishani.

"Mzee, joto hili. Tuzirudishe kwenye friji."

"Joto gani, mwanangu? Mbona mimi natetemeka?" Akapima kimeng'enya kwa uji na tone la ayodini, ile dawa inayougeuza wanga kuwa bluu. Bluu haikutokea; wanga wote ulikuwa umekatwa. "Unaona? Kizima."

Ningebishana vipi na kipimo?

Mkuu mpya alifika, dada wa Kihaya, mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo. Tukachanganya kimeng'enya na unga mbichi, tukauacha ukitikiswa na mashine mpaka kesho yake. Asubuhi unga ulikuwa umetuama chini, mweupe vile vile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alichukua kimeng'enya kilichobaki, akakichanganya na unga mbichi kwenye barafu, akauacha unga utuame, kisha akayapima yale maji ya juu kwa uji. Yakaukata uji vizuri sana. Maana yake kimeng'enya kilibaki majini, hakikushika unga.

"Mkono umekatika," akasema. Kwenye chupa mle, alitueleza, kulikuwa na kimeng'enya kingine cha bakteria yule yule, cha kukata protini. Kwenye baridi kilikuwa kimelala. Joto likakiamsha, kikakata ule uzi.

Alikwenda dirishani, akaishika chupa, ilikuwa ya uvuguvugu. Akavua sweta. Sikuwahi kumwona bila sweta, na roho iliniuma.

Ijumaa aliondoka. Mkuu mpya, Mungu ambariki, aliniruhusu nijaribu mara moja tu kabla bakteria hajateketezwa. Nikakuza bakteria upya, nikakinasa kimeng'enya kwa unga mbichi, nikakiosha kwa maji ya barafu ili kile cha kukata protini kiondoke, na barafu sikuiacha mpaka jaribio lilipoanza. Kulipokucha baada ya jaribio nilipiga simu Tanga.

"Umepima kwa uji?" aliuliza.

"Kwa unga mbichi, Mzee."

"Enhe?"

"Umeliwa. Umebaki utando tu chini."

Nikamsikia akiita: "Alhamdulillahi. Mama Zuhura! Njoo usikie." Akampa mkewe simu, nami nikarudia kwa mama ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisikia habari za unga.

Sasa nami nimestaafu, na Mzee ametangulia mbele ya haki. Vijana wa maabara hunipigia simu, wananitangazia kwamba kimeng'enya chao ni kizima. Nawauliza wamepima kwa kitu gani. Wakijibu uji, nawaambia waende wakaiguse chupa kwanza.