Mama Mikanda na Diski za Bei Poa

Ungeingia kwa Mama Mikanda na diski tupu mkononi, ukajigamba kwamba umepata orijino, asingebishana nawe. Angeipokea kwa kingo, asiguse uso wake, kama mtu anayepokea mtoto aliyetoka kuoga. Angeisogeza dirishani, akodoe jicho kwenye kile kiduara kiangavu kinachozunguka tundu, kisha akurudishie. "Hii imevaa nguo za kuazima, mwanangu." Basi, maneno yameisha. Nenda kaifanye kioo cha kujitazamia uso.

Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Aliusaka kwa hasira, tena ile hasira inayochemka polepole mfuniko ukiwa juu.

Jina lilimpata enzi za kamera za mikanda, alipokuwa akishuti harusi, mahafali na maziko ya mtaa mzima. Diski zilipoingia akajifunza kuzichoma mwenyewe. Alihamishia picha kwenye kompyuta, akachoma diski mbili kwa kila mteja, kisha akaufuta mkanda na kuutumia tena. Wapiga picha wote pale walifanya hivyo. Mkanda unachakaa, diski inadumu. Ndivyo alivyowahakikishia mwenye duka la jumla, yule waliyemwita Bei Poa, aliyewauzia diski kwa minara ya hamsini hamsini.

Sikia sasa. Siku moja fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuja na diski zake mbili kwenye mfuko wa nailoni. Zilikuwa za mahafali ya binti yake, miaka mitatu nyuma. Mle ndani mkewe alisimama dakika nne kuwashukuru walimu. Mke alikuwa amefariki, na sauti yake haikubaki pengine popote. Mama Mikanda akatia diski ya kwanza. Kompyuta ikakoroma, ikanyamaza. Ya pili vilevile. Alipozigeuza aliona rangi ya mgongoni imefanya mabaka, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Na ule mkanda ulikwisha kupitiwa na harusi saba.

Fundi hakufoka. "Labda ni joto la nyumbani kwangu, dada," alisema, akachukua diski zake, akarudi kwenye kigoda chake.

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Kesho yake akaenda kwa Bei Poa. Jamaa alimsikiliza huku akipanga maboksi, kisha akawageukia wateja waliojaa dukani, akasema asiyejua kucheza husingizia uwanja. Akaongeza kwamba mashine ya mama imezeeka, na si mashine tu. Watu wakacheka. Mama Mikanda naye akacheka, akaaga vizuri, na tangu siku hiyo hakumsamehe hata kwa bahati mbaya.

Alianza kuzisoma diski kama wengine wanavyosoma barua. Zile nzuri alizokuwa nazo, kila moja ilikuwa na namba yake pale kwenye kiduara. Za Bei Poa, diski arobaini zilikuwa na namba ileile moja. Nzuri, rangi yake inaishia kabla ya ukingo kwa mstari uliotulia. Mbovu inayumbayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Kisha akazijaribu kwa jua. Alifunika nusu ya diski kwa karatasi nyeusi, akaiweka dirishani wiki sita. Alipofunua, nzuri haikuwa imebadilika, lakini mbovu ilikuwa na sura mbili.

Kilichomsumbua ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akichomoa diski moja ya mnara na kuijaribu kabla ya kununua. Wote walijaribu. Mpaka siku alipokaa chini akaupakua mnara mzima, moja baada ya moja, ndipo akaelewa. Juu orijino tano, chini orijino tano, na feki zote katikati. Wapiga picha wana desturi ya kuonja ya juu, na mjanja zaidi huonja ya chini. Bei Poa aliijua desturi yao kuliko walivyoijua wenyewe.

Hakwenda kushtaki. Alipanga diski zilizofifia kwenye dirisha linalotazama barabara, pembeni akaweka boksi zilimotoka, lenye jina la duka la Bei Poa, asiandike neno. Bei Poa alipita akatia mzaha, akauliza tangu lini diski zinaanikwa kama nguo. "Zikikauka nitakuita, bwana," akajibiwa.

Hakuhitaji kumwita. Binti yake Bei Poa aliolewa, na wakwe wakasema hawataki mwingine ila Mama Mikanda. Alishuti harusi ile kwa moyo wote, kila chozi na kila kigelegele. Siku ya kuchukua diski, baba na bibi harusi walikuta chumba kimejaa wapiga picha wenzake sita. Usiniulize nani aliwaita.

Juu ya meza palikuwa na minara miwili.

"Huu nimeununua kwako juzi, huu nimeuagiza mbali," Mama Mikanda alisema. "Nimchomee mwanao kwenye upi?"

Bei Poa akamtazama binti yake, akawatazama wale sita. Akanong'ona kitu.

"Masikio yamezeeka, bwana. Si mashine tu."

"Wa mbali," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wa kwangu hautadumu."

Kila mmoja wa wale sita alikuwa akihesabu moyoni harusi alizozipoteza. Mama Mikanda akachukua mtandio wake. Alisema si yeye peke yake anayestahili kuambiwa hilo, akamvusha barabara Bei Poa mpaka kwenye kigoda cha fundi viatu, akamtaka arudie. Akarudia. Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga gotini.

"Ulijua wakati unatuuzia?"

"Nilijua."

Fundi akatikisa kichwa, akairudisha misumari mdomoni, akashika nyundo. Hakumtazama tena, na Bei Poa alisimama pale muda mrefu asijue kama ameruhusiwa kuondoka.

Mama Mikanda alirudi akaketi kwenye kompyuta, akachukua diski kutoka mnara mzuri. Bibi harusi alikuwa bado amesimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mama, baba angesema 'wa kwangu,' ungechoma kweli kwenye zile mbovu?"

"Ningechoma, mwanangu," alisema, bila kugeuka. "Na jina lako ningeliandika juu kwa wino mzuri."