Msumari Kwenye Ukwato wa Kijivu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, jua la saa nne limeshachemka pale Gerezani, Dar es Salaam, nilipomwona Kijivu akiinua mguu wa mbele wa kulia na kuuweka chini polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Kijivu alikuwa punda. Usicheke. Miaka ile mafuta ya gari yalikuwa adimu, malori yamelazwa juu ya mawe, na unga alioukula bibi yako mara nyingi ulifika dukani kwa mkokoteni wa punda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Masasi mwaka mmoja nyuma. Mwenye punda alikuwa Mzee Mkwanda, mtu wa Kilwa, mpole, wa maneno machache. Alinipa chumba cha uani nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, akanikabidhi mnyama wake. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Kila asubuhi na kila jioni, inua kwato zote nne uzitazame. Ukiona kitu, niambie siku hiyohiyo."

Basi Jumatano ile niliuinua ukwato. Msumari wa sanduku la mbao, mrefu kama kidole changu cha shahada, ulikuwa umezama mpaka kichwani. Niliung'oa kwa koleo la kuazima. Damu ikatoka kidogo, nyeusi, ikakatika. Nikamwagia mafuta ya taa pale kwenye tundu. Kisha nikautazama mzigo: magunia sita ya unga wa kupeleka duka la ushirika, upande wa Mnazi Mmoja. Watu walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, wamepanga mawe na vikapu kushika nafasi zao. Nikasema moyoni, tundu lenyewe dogo hivi, kesho nitamwambia mzee.

Kesho yake sikumwambia. Ngoja nikueleze kwa nini, maana hapa ndipo vijana wengi mnapopotelea. Sikuogopa kipigo, mzee yule hakuwahi kuninyooshea mkono. Niliogopa anitazame kama mtu asiyeaminika. Kwa hiyo nikailinda sura yangu kwa mguu wa mwingine.

Ijumaa Kijivu alikuwa anachechemea waziwazi. Nikampakia magunia manne badala ya sita, na wala sikuona haya kujihesabu mwenye huruma. Tulipofika kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja mguu ukamkatalia. Aliangukia magoti kwenye ukingo wa barabara, mkokoteni ukamsukuma kwa nyuma, gunia moja likapasuka. Watu wakajaa. Wengine walizoa unga kwa khanga, mwingine akasema mchape ainuke, mwingine akasema huyo kwisha kazi yake. Mama mmoja, simjui mpaka leo, alichuchumaa akamshika Kijivu taya na kumsemesha taratibu mpaka tukamfungua kwenye mkokoteni. Goti la kulia lilikuwa limechanika, nyama nyekundu inaonekana.

Tulimkokota hadi nyumbani kwa miguu mitatu. Mzee Mkwanda akatuma mtu Buguruni kumwita bwana mifugo, Mchaga mmoja aitwaye Tarimo, ambaye alifika na baiskeli na begi lake la ngozi. Alilitazama goti, akaupapasa mguu, akaniuliza mimi.

"Ndugu, alikuwa anachechemea kabla ya kuanguka?"

"Hapana," nikasema.

"Na kwato umezitazama?"

"Leo asubuhi. Ziko salama."

Tarimo alionekana kusita. Mzee Mkwanda, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Kama Rashidi kasema kazitazama, basi kazitazama."

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu. Hakuna tusi lililoniingia kama ile sifa.

Tarimo akauacha ukwato, akaliosha goti, akalishona, akalifunga. Alisema huenda na mshipa umevutika, mnyama apumzishwe. Akaenda zake.

Jumamosi Kijivu hakugusa majani. Jumapili asubuhi nilimkuta amelala ubavu, anahema haraka, mguu umevimba hadi juu, na ukwato ukiushika una moto kama sufuria. Mzee alifungua bandeji. Jeraha la goti lilikuwa safi, linakauka. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamtazama mnyama wake.

"Goti linapona, na mnyama anakufa," akasema. "Kuna kitu sikioni."

Hakuniuliza mimi. Angeniuliza, labda ningesema uongo wa tatu, maana ulimi ulishazoea. Lakini alikuwa akijilaumu mwenyewe, na hilo sikuliweza. Nikasema. Maneno yalitoka ovyo: msumari, mafuta ya taa, foleni. Wapangaji waliokuwa wakifua uani wakaacha kufua. Mzee hakupaza sauti.

"Siku gani?"

"Jumatano."

Akanyanyuka. "Vaa viatu."

Tulikwenda Buguruni kwa miguu, mzee mbele na mimi nyuma, yeye wa miaka sitini na kitu ananiacha. Tarimo alikuwa mezani na mkewe, wametoka kanisani. Mzee alimwambia maneno matatu tu, "Ni ukwato, bwana," na yule mtu akaacha chakula chake.

Uani, mimi nilishika kichwa, mzee akashika kamba. Tarimo aliubana ukwato katikati ya mapaja yake, akaanza kuukata kwa kisu chenye ncha iliyopinda, kipande baada ya kipande, kama anayemenya muhogo. Kijivu alitetemeka, nami nikakibana kichwa chake kifuani. Ghafla maji meusi yakaruka. Harufu yake iliwatoa wapangaji uani. Tarimo akachukua kijiti chembamba cha chuma, akakiingiza tunduni.

"Kikigonga mfupa," alisema bila kuinua kichwa, "usaha umeshaingia humo, na sina la kufanya ila sindano ya mwisho. Mnielewe mapema."

Nilikitazama kile kijiti kikizama. Kilizama, kikazama tena. Kikasimama. Tarimo akakizungusha kidogo, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mzee alikuwa anasoma dua kwa midomo tu.

"Nyama," Tarimo akasema mwishowe. "Bado ni nyama."

Alipomaliza kuosha na kufunga, ndipo akanigeukia. "Ijumaa kazi hii ningeimaliza upesi. Nilikuuliza mara mbili, ndugu. Sasa mguu huu siwezi kukuahidi. Tuombe uzima wake kwanza."

Kwa siku arobaini niliuchovya ukwato ule kwenye maji ya moto yenye chumvi, asubuhi, mchana na jioni. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke, nami kila nikiinama nililingojea teke langu. Halikuja. Siku za mwanzo aliuvuta mguu, baadaye akaniachia.

Asubuhi moja mzee alikuja akasimama kando ya karai. Ndipo akasema alichokuwa nacho.

"Rashidi, kumfanyisha kazi akiwa na jeraha ni kosa la ujana. Hata mimi nimelifanya. Lakini bwana mifugo alipouliza, mnyama huyu alikuwa na ulimi mmoja tu wa kumjibia, nao ulikuwa kinywani mwako. Ukamnyima."

Hakulirudia tena neno hilo mpaka anaingia kaburini.

Kijivu alipona, lakini mguu haukunyooka tena, na mzee hakumtwika mzigo tena. Unga bado ulikuwa unangojewa. Nikaingia mwenyewe katikati ya miti ya mkokoteni. Mwaka mzima na zaidi niliuvuta, na Kariakoo nzima ikaniita Kijivu. Kwenye miinuko nilisikia mkokoteni ukiwa mwepesi ghafla. Nikigeuka, namwona Mzee Mkwanda amekunja kanzu, anasukuma kwa nyuma.

Sasa sikia, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, hilo unalijua. Lakini maradhi ya kuficha si yako tu. Utakabidhiwa mtoto wa watu, mgonjwa asiyejiweza, mashine, ofisi, mnyama. Vitaumia mikononi mwako, kwa sababu mikono ni ya binadamu. Siku hiyo usiitazame sura yako. Nenda kwa mwenye kuuliza ukaseme ni wapi na ni lini, kabla ulimi wako haujazoea uongo. Ukiwa umeshachelewa, sema hivyohivyo. Mimi nilichelewa siku nne: uhai ukabaki, mguu ukalemaa. Ningengoja ya tano, nisingekuwa na la kukusimulia ila kaburi.

Mungu akupe kinywa chepesi kwenye kweli na mgongo mgumu wa kubeba kitakachofuata. Akukutanishe na mtu wa kukusukumia kwa nyuma hata baada ya kumkosea. Nenda salama, mwanangu.