Diski Mpya na Wasifu wa Baba

Baba alitaka kusikia wasifu wake akiwa hai. Alitaka kuusikia hasa, maana macho yalikuwa yamemchoka: usomwe na mimi, kwa sauti, vile utakavyosomwa siku yenyewe. Alilisema hilo akiwa amekaa kitandani kwake Karungu, miguu imevimba, mkono ukipapasa redio, kama mtu anayeagiza chai. Mama aliinuka akatoka. "Mnaita nini hapa kwangu?" alisema akiwa mlangoni, na hakurudi mpaka tulipobadilisha mazungumzo.

Aliniomba mimi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nina duka la kupiga chapa mjini Homa Bay, na ukiniuliza linaishi kwa nini nitakwambia bila aibu: linaishi kwa matanga. Kwetu mtu huletwa nyumbani Ijumaa akazikwa Jumamosi, kwa hivyo Alhamisi benchi langu hujaa watu wenye picha kwenye simu na macho mekundu, wanaotaka kijitabu cha mazishi kitoke leo hii hii. Wasifu wenyewe hakuna anayeuanza upya. Unafungua wa marehemu wa wiki iliyopita, unafuta jina, unaweka jingine, unabadilisha watoto na kanisa, basi. Wateja wanajua. Wengine huja wakiomba kabisa: "Tufanyie kama ile ya yule mzee wa juzi, ile ilikuwa tamu."

Shida ilikuwa kompyuta. Ni laptopu nene, nzito, niliyoipata ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine mpaka herufi zikafutika kwenye vibonyezo. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua mandazi, urudi, uyale, unawe mikono, na bado inazungusha kile kiduara chake. Na mimi si mtu wa kungoja. Nagonga meza, natikisa mguu, nasimama mlangoni, narudi, naiapiza. Wateja walikuwa wamenizoea. Wao walikaa tu kwenye benchi wakisimuliana habari za mtu wao, wakati mwingine wakicheka kabisa, huku mimi nimeikodolea macho ile skrini. Ikifunguka nasema, "Haya, tuanze." Hapo wananyamaza wote na tunaanza: alizaliwa, alisoma, alimcha Mungu.

Basi Baba alipouliza wasifu wake uko wapi, nilimwambia kompyuta ni nzito, angoje kidogo. Akanitazama. "Nyathina," akasema, maana mimi ni mtoto wake hata nikiwa na mvi, "wewe unanijibu mimi ningoje?"

Nilichofanya ni kile ninachofanya kila Alhamisi. Nikafungua wasifu wa mvuvi mmoja wa upande wa Homa Bay, uliosifiwa sana mazishini, nikaanza kufuta na kuweka. Mashine ikaganda katikati. Nikaizima kwa hasira, nikaiwasha, ikaganda tena, mteja anapiga kelele, printa imemeza karatasi. Mwishowe nikachapisha kilichokuwepo bila kukisoma, na Jumapili nikaenda nacho Karungu.

Baba alizima redio. Alikaa wima, akafunga na kifungo cha shati. Nikasoma alipozaliwa, nikasoma wazazi wake, yeye anatikisa kichwa, vizuri. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema: "Marehemu alikuwa mvuvi hodari, aliyelipenda ziwa tangu utotoni, wala hakuna wimbi lililowahi kumtisha."

"Nani?" Baba akauliza.

Yawa! Nilitamani sakafu inifungukie. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Alikaa hatua chache tu kutoka ufuoni maisha yake yote, akaoga kwenye beseni. Wenzake wakivuta nyavu yeye alikuwa sokoni amegeuzia maji mgongo, na Karungu nzima ilimtania kwa hilo.

"Endelea, endelea," akasema. "Huyo mtu nimempenda." Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika bega mpaka kikohozi kikapita. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena. "Ni mtu mzuri, Mungu amlaze. Sasa mimi niko wapi?"

Nikaisingizia kompyuta. Eti ilikwama, eti haikunionyesha ukurasa wote. Alinisikiliza kwa adabu, vile alivyokuwa akiwasikiliza watu walioapa kwamba baiskeli ilijivunja yenyewe. "Basi ikatengenezwe," akasema. "Mimi nitajitahidi." Hakusema atajitahidi nini, na hakuhitaji kusema.

Asubuhi yake sikufungua duka. Nilienda moja kwa moja kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza simu na vipuri vya kompyuta, mtu wa Pwani, Mwislamu, aliyekaa Homa Bay miaka mingi bila Kiswahili chake kupata doa. Nikimwambia "hii kompyuta yangu imekufa," yeye hujibu kwa upole, "Haijafa, dada yangu, imechoka," na mimi hujiona nimerudi darasani. Aliigeuza, akafungua skrubu moja moja, akapuliza vumbi likanijia usoni.

"Humu ndani kuna sahani inayozunguka," akanieleza, "na kama sindano inayosoma juu yake. Imezunguka tangu enzi hizo. Ukae hapo nikuwekee SSD, diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka. Lakini kwanza tunakili kila kitu kabla hii haijakata roho. Nihamishe vyote?"

"Vyote. Ikipotea faili moja nitakuja kulala hapa dukani kwako."

"Karibu. Mke wangu atakupikia."

Akaunganisha diski mpya kwa waya, akaanza kunakili. Ile ya zamani ilikuwa inatoa sauti, tik, tik. Nilikaa, nikasimama, nikaenda kutazama barabara, nikarudi, nikamuuliza imefika wapi, akanionyesha. Ilikuwa haijafika popote. Simu yangu ikaita, ni Mama.

"Anakuuliza," akasema.

"Yuko aje?"

"Si nimekwambia, anakuuliza." Akakata.

Hapo stima ikapotea. Nilipiga ukelele mtu akachungulia kutoka duka la jirani kuuliza nani amekufa. Betri ya mashine yangu ilikuwa mapambo tu, kwa hivyo kila kitu kilizimika, na stima iliporudi ikabidi tuanze upya. Nikaanza kufoka. Nikamlaumu, nikailaumu kampuni ya umeme, nikamlaumu hata aliyeniuzia laptopu. Yule bwana aliningoja nimalize, akavuta kiti akaketi mbele yangu.

"Haraka yote hii ni ya nini, dada yangu?"

Nikamwambia. Akasema pole. Kisha akauliza, "Ni mzee wa namna gani, baba yako?"

Nikaanza kueleza. Nikamwambia anajua baiskeli ya nani inapita kwa kusikia mnyororo. Kwamba hunywa uji ukiwa umepoa na hudai ule wa moto ni wa watu wenye tamaa. Kwamba hugombana na mtangazaji wa mpira redioni mpaka Mama humuuliza kama anajibiwa. Kwamba nilipokuwa mdogo alinifundisha kuendesha baiskeli kwa kunidanganya kwamba ameishika nyuma, kumbe yuko kule mbali, amekunja mikono. Nilisema mpaka koo likakauka, nikacheka, nikajifuta macho na kitambaa chake cha kupangusia vumbi. Niliponyamaza kazi ilikuwa imeisha, naye hata hakuwa ameitazama.

Nilishtuka vibaya. Si hivi ndivyo watu wangu wa benchi walivyokuwa wakisema kila Alhamisi? Miaka yote hiyo walinipa marehemu wao mzimamzima nikiwa naitukana mashine, halafu ilipofunguka nikawaandikia mtu mwingine. Nilijisikia vibaya, na nilitaka kuondoka pale haraka.

Akafunga skrubu ya mwisho, akaniambia niwashe mwenyewe. Nikabonyeza, nikageuka kutafuta mkoba wangu kama nilivyozoea. "Dada," akaniita. Ilikuwa imeshafunguka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mpaka picha ya maua niliyokuwa nimeiweka kwenye skrini. Badala ya kufurahi, niliona kama nimefika mlangoni kwa mtu kabla sijapanga maneno.

Nilifika Karungu mchana, jua likiwa kali. Baba alikuwa amelala chali, amepungua hata kwa siku hiyo moja. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaweka kompyuta mapajani, nikaiwasha.

"Haya, sasa tutangoja," akasema.

"Imeamka tayari, Baba."

Akafungua jicho moja. "Imeamka? Na wewe je?"

Wasifu wa mvuvi ulikuwa juu kabisa, wa kwanza kwenye orodha, unaniita. Kidole kilikuwa kimeshaenda. Nikaurudisha ulikotoka, nikafungua ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe ulinitisha kweli kweli, mimi niliyewaandika marehemu wa ufuo huu wote wa ziwa.

"Sijui nianzie wapi," nikamwambia.

"Anzia kwenye maji," akasema. "Andika niliogopa maji. Wote wanajua, ukificha watasema umezika mtu mwingine." Akapumzika. "Lakini andika na hii. Mama yako ni wa Takawiri."

"Najua ni wa Takawiri."

"Unajua. Lakini kisiwani ulidhani nilifikaje, kwa baiskeli?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Akaniambia polepole, akikatika pumzi. Wajumbe walikuwa wamekwenda kumposa kwa niaba yake, na wakwe wakasema wanataka kumwona kijana mwenyewe. Alipanda mashua alfajiri, akalala kifudifudi chini kabisa kwenye maji ya samaki, amekumbatia ubao, amefumba macho, akiimba nyimbo za kanisa zote alizozijua na nyingine akizitunga. Alitapika hadi kwenye viatu alivyoazima. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga ufuoni wakimtazama akishushwa kama gunia.

"Na bado walinipa," akasema.

"Walikataa!" Mama alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama pale tangu lini. "Baba yangu alisema huyu hatanivusha hata dimbwi. Mimi ndiye nilisema namtaka huyohuyo. Hao wengine walioniposa wote walikuwa wanapenda kuvuka. Huyu alikuwa anaogopa na akaja." Akaniangalia kwa ukali. "Andika hivyo. Na uandike alinuka samaki."

Akaingia akaketi miguuni pa kitanda, yeye aliyesema tunaita kifo, na akaanza kusahihisha kila sentensi. Niliandika vile walivyosema. Baba alipochoka nilimsomea yote toka juu, uji na mnyororo na redio na ile baiskeli aliyoiachilia, mpaka Takawiri. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Baba?"

"Huyo namjua," akasema.

Alhamisi aliyohitaji kijitabu ilikuja upesi kuliko nilivyoomba. Kompyuta ilifunguka mara moja, hakukuwa na cha kungoja, nikabaki nimeketi mbele yake nikilia huku printa inatoa karatasi. Jumamosi nilisimama na kipaza sauti nyumbani kwetu, jeneza mbele yangu, nikasoma. Nilipofika kwenye mashua na viatu vya kuazima, Mama ndiye aliyeanza kucheka, ameshika kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika. Kisha boma zima likacheka. Nikangoja wamalize, sikuharakisha, nikaendelea kusoma.